Bugi la Jumapili Mwanjelwa

Mwanjelwa, Mbeya
3 Machi 1975

Mayu Roza,

Mwangaluka, mwanangu. Hii ndiyo barua ya kwanza niliyoiandika tangu nizaliwe, na nimetaka iwe yako. Mwalimu wa kisomo kule Ubaruku alituambia tuanze na mtu tunayempenda, hapo mkono hautatetemeka. Wangu umetetemeka hivyo hivyo. Usishangae herufi kubwa. Mkono umezoea fimbo ya ng'ombe, kalamu kwake ni mgeni.

Niko mjini kwa shughuli ndogo, huenda nikakaa kidogo. Ng'ombe nimemwachia kaka yako Nyanda. Mimi nimefikia kwa Kashindye, yule mtu wa kwetu anayelinda ghala la reli mpya.

Nikwambie lililonipata jana. Nilikuwa natembea Mwanjelwa mchana, ikanishika mvua ya huku, ile inayokuja pamoja na ukungu, mtu hajui kama analowa kutoka juu au kutoka pembeni. Nikaambaa ukuta mpaka nikasikia bati juu ya kichwa. Ndani kulikuwa na gitaa. Mwanangu, gitaa nimelisikia kwenye redio za jirani, lakini la redioni ni samaki mkavu. Hili lilikuwa bado linachuruzika maji. Mvua ikizidi juu ya bati, gitaa linazama. Ikipungua, linaibuka, kama ndama anayevuka Ruaha: unasema amekwenda, mara kichwa hicho.

Nikaingia. Mama mmoja akanishika mkono akanipeleka kwenye benchi, akasema, "Ndaga, pole baba. Kaa huku, bati la upande ule linavuja." Hakuniuliza nanunua nini. Mahali panaitwa Tupumzike Baa. Sakafu ni nusu saruji nusu udongo, nimeijua kwa miguu. Panatoka harufu ya pombe ya kimpumu, nyama ya kuchoma na makoti yaliyolowa. Spika yao imepasuka, kila sauti nene ikipita inakohoa. Kila Jumapili mchana wana dansi, vijana wanaliita bugi. Watu walikuwa wanacheza na mvua nje inacheza, nikafumba macho nikaona kama nyumba nzima imeng'oka inaelea polepole kwenda bondeni, na sisi ndani yake.

Nilicheka peke yangu. Sijacheka hivyo tangu mama yako atutoke.

Usiwaambie masista wa chuoni.

Baba yako,
Mihayo


Chuo cha Wauguzi, Iringa
15 Machi 1975

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliibusu mbele ya watu. Lea, yule msichana wa Kihehe ninayelala naye chumba kimoja, aliniuliza kama ni ya mchumba. Nikamwambia ni ya baba yangu, ameanza kuandika mwaka huu na umri wake ule. Akaniomba aishike.

Mimi ni mzima. Huu ni mwaka wangu wa mwisho na wodi ya wazazi sasa wananiachia zamu. Juzi nilimpokea mtoto kwa mikono yangu mwenyewe, mama yake akamwita Roza papo hapo. Jioni kukiwa na nafasi tunapanda kwenye mawe ya Gangilonga, tunautazama mji mpaka ubaridi unatushusha.

Lakini baba, baa? Tena Kwaresima? Najua hukubatizwa, ndiyo maana ninafunga na kwa ajili yako. Huyo mama aliyekushika mkono ni nani? Nisamehe, mimi ni mtoto tu, ila mjini nimejifunza jambo moja: mwanamke wa baa hamshiki mkono mzee mwenye ng'ombe kwa kumwonea huruma ya mvua. Na hiyo shughuli ndogo ni ipi? Hukuitaja. Wewe hukuwahi kulala mjini hata siku za mnada.

Tafadhali rudi nyumbani mvua zikikatika.

Binti yako,
Roza


Mwanjelwa, Mbeya
1 Aprili 1975

Mayu,

Barua yako nimeisoma kwa siku nyingi, kidogo kidogo, kama mtu anayekula asali. Nilipofika kwenye mtoto aliyeitwa Roza nilisimama nikatoka nje nikakaa.

Mama yule anaitwa Atuganile, Mnyakyusa wa Rungwe, mjane. Baa ni yake. Anashika mkono wa kila mtu, hata wa madereva wa malori ya Zambia. Basi.

Sasa sikiliza. Yupo kijana anaitwa Kasian, mtu wa Njombe, ndiye mpiga gitaa la solo. Jumapili iliyopita waliposimama kupumzika alikuja kukaa kwangu. Akasema, "Mzee, wewe uliwahi kuimba."

Nikamwambia, "Mimi mchunga ng'ombe."

"Mchunga ng'ombe gani anayejua mahali pa kuweka sauti ya pili? Nimekuangalia midomo."

Nikaona aibu. Wewe hukujua hili, mwanangu, ulizaliwa tumeshaanza kuhamahama. Kule Usukuma nilikuwa ningi, mtunzi na mwimbaji wa ngoma. Wakati wa mavuno tulikuwa tunashindana kundi na kundi, watu wanatoka vijiji vya mbali. Mama yako alitoka upande wa wapinzani wetu. Alikuja kunizomea, akabaki. Alipokufa sauti niliifunika pamoja naye, nikaona ni haki yake.

Kasian akasema, "Basi imba kidogo hapa, mimi na wewe tu." Nikaimba ule wimbo niliotunga tulipokuwa tunahama, mama yako anatangulia mbele ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa kichwani:

*Wewe unayetangulia, usigeuke nyuma,
vumbi lako ndilo njia yangu.*

Mwanangu, gitaa lilinifuata. Halikupita mbele wala halikubaki. Likaja nyuma yangu polepole kama mbwa mwema. Halafu tumba likaingia. Nilipomaliza nikasikia hata wale wa kwenye meza ya karata wameacha kutupa karata. Nilijiona niko Usukuma na niko Usangu na niko Mbeya, kote kwa pamoja, na mama yako yuko mbele tu hapo, kivuko cha pili.

Shughuli yangu bado haijaisha.

Baba yako,
Mihayo


Chuo cha Wauguzi, Iringa
19 Aprili 1975

Baba,

Shikamoo. Naandika haraka, na utaniwia radhi kwa maneno yangu.

Nyanda amenitumia salamu kwa dereva aliyetoka Ubaruku na mchele. Anasema hujarudi hata kuangalia ndama. Anasema watu wa kwetu walikuona sokoni mchana kweupe, umeshikwa mkono na mwanamke kama bwana harusi. Nyanda anauliza kama anapaswa kuandaa ng'ombe wa mahari. Aliuliza kwa dhihaka, mimi sikucheka.

Na barua yako ya mwisho, baba. Mistari inapandana. Maneno mengine umeyaandika juu ya mengine, nilimpa Lea anisaidie, naye hakuweza. Barua ya kwanza ilikuwa na herufi kubwa lakini zilisimama wima. Wodini nawaona watu ambao mikono yao huandika hivi wakitia sahihi, na sote tunajua kinachowatetemesha.

Ule wimbo ni wa mama. Uliutunga kwa ajili yake barabarani, na sisi watoto hatukuwahi kuusikia. Leo wanausikia walevi.

Rudi nyumbani. Nakuomba kama mtoto, na kama huwezi kusikia ombi basi ni amri ya muuguzi.

Roza


Mwanjelwa
2 Mei 1975

Mayu Roza,

Silewi. Kikombe cha kwanza napewa, cha pili Atuganile ananinyima. Muulize yeyote.

Wimbo si wa mama yako peke yake tena, hilo ni kweli, nami nililifikiria usiku na mchana. Lakini mtu akifa na wimbo wake ukafa, je, amekufa mara ngapi? Sasa kuna madereva wanaupiga mluzi mpaka Tunduma.

Siku moja uje usikie. Si sasa. Sasa soma.

Kuna asubuhi hapa ukungu unakaa mpaka saa za chai, watu wanaongea bila kuonekana, kuku, baiskeli, watoto wa shule, vyote ni sauti tu zinazotembea. Asubuhi hizo ndizo ninazozipenda. Siku hizo watu wote tuko sawa.

Baba yako,
Mihayo


Chuo cha Wauguzi, Iringa
20 Mei 1975

Mzee Mihayo,

Nilikuja.

Niliomba ruhusa, nikapanda basi mpaka Mbeya, nikauliza Mwanjelwa. Ilikuwa Jumapili, jua limetoka. Niliisikia sauti yako kabla sijaona mlango. Niliijua, ingawa sijawahi kuisikia ikiimba. Nilisimama barabarani, na kwa muda nilisahau kwamba nimekuja kwa hasira. Nisingekuambia hili kama si kwamba nataka ujue ulichokitupa.

Niliingia. Ulikuwa umekaa mbele juu ya kreti ya bia, maikrofoni imefungwa kwa kitambaa, yule kijana wa gitaa pembeni yako. Nilipita katikati ya wachezaji nikaja nikasimama mbele yako kabisa. Nilikuwa nimevaa gauni la bluu ulilonishonea nilipofaulu. Nikangoja uache kuimba. Uliuinua uso ukaniangalia, baba. Ukaniangalia ukatabasamu, tabasamu la mtu anayempisha mgeni njiani, kisha ukamgeukia mpiga gitaa ukaendelea.

Nilitaka kuita. Yule mwanamke akaja na kitambaa akakufuta jasho, ukampa uso wako kama mtoto. Nikatoka. Nililala stendi, asubuhi nikarudi Iringa.

Kama binti yako anakuaibisha mbele ya watu wa baa, hutamwona tena. Mwambie mwanamke wako wa kimpumu afurahi, ameshinda. Ng'ombe awamalize, na wewe akumalize.

Roza


Tupumzike Baa, Mwanjelwa
29 Mei 1975

Kwako binti Roza,

Hunijui, ila umeniandika. Mimi ndiye Atuganile, mwanamke wa kimpumu.

Barua zako humsomea mimi. Hii ya mwisho nimemsomea pia, yote, mpaka neno la mwisho, na sikuruka mahali unaponitaja. Angejua nimeruka. Siku hizi anasikia hata mtu akimeza mate.

Baba yako haoni, mwanangu.

Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha alipofika hapa. La kulia lilikuwa na mwanga kidogo, wa kuandikia mlangoni asubuhi, kalamu karibu na pua. Ndiyo shughuli yake ndogo: kila Jumatatu anakwenda kwa daktari wa macho hapa mjini kutiwa dawa. Daktari amesema ni vikope vya miaka mingi, vumbi na nzi wa zizini, kope zimegeuka ndani zikamkwaruza mpaka kioo cha jicho kikaota kovu. Mimi humpeleka. Ndiyo huko kushikana mikono sokoni.

Siku ile nilikuona. Msichana wa gauni la bluu, umesimama kama umepigwa msumari. Nikadhani umekuja kwa Kasian, wasichana huja wakasimama hivyo. Ningejua, ningefunga muziki wote.

Nilimwambia zamani, "Mwandikie ukweli mtoto." Akasema, "Amebakiza miezi michache awe muuguzi. Akijua, ataacha shule aje kunishika mkono. Mkono wewe unanishika." Nikanyamaza. Labda nilikosea kunyamaza.

Ameomba aandike mwenyewe chini ya karatasi hii. Nimemwekea rula ya mpwa wangu aifuate.

Atuganile


MAYU. SIKUKUONA.

NILIONA KITU CHA BLUU. NIKADHANI NI MLANGO UMEFUNGULIWA, MBINGU INAONEKANA. NIKATABASAMU.

BABA


Iringa
6 Juni 1975

Baba,

Nimepewa ruhusa ya siku chache. Nakuja Jumatano na basi la asubuhi. Usije stendi peke yako.

Mama Atuganile, shikamoo. Sina neno jingine la kukuandikia ambalo linatosha. Nitalitafuta njiani.

Roza


Tupumzike Baa, Mwanjelwa
14 Julai 1975

Mwanangu Roza,

Anayeandika ni Atuganile, anayesema ni mimi. Nimemwambia asipambe.

Tangu uondoke nimekuwa nikiyarudia yale tuliyosema. Nakushukuru kwa kunipeleka hospitali ya misheni, safari ndefu ile, na kwa namna ulivyombana daktari kwa maswali mpaka akakuuliza umesomea wapi. Nilijisikia fahari. Alichosema nimekipokea. Kope wamezinyoosha ili zisinikwaruze tena, hilo ni jambo kubwa, maumivu yamepungua sana. Lakini kovu halitoki. Nitabaki na mwanga na kivuli, nijue mchana na usiku, nijue mtu amesimama dirishani. Wapo wasiopata hata hicho.

Ulilia ukidhani nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuacha ulie kwa sababu ulikuwa mdogo sana mama yako alipofariki, ukajifanya mkubwa, na hukupata nafasi.

Sasa jibu langu. Wewe unataka nije Iringa, unitafutie chumba karibu na chuo. Nyanda alikuja na gari la mchele akitaka nirudi Ubaruku, akasema mtu mwenye ng'ombe na mwana hawezi kuishi kwa hisani ya watu wa baa. Wote mna haki. Lakini nikija kwako, nitakaa chumbani nikikungoja utoke zamu. Nikienda kwa Nyanda, nitakaa kivulini nikisikiliza kengele za ng'ombe ambao siwezi kuwatofautisha. Hapa Jumapili ikifika watu wanauliza, "Mzee amekuja?" Kasian ananiamsha asubuhi kwa sababu amepata sauti mpya na hajui maneno yake. Hapa mimi si mgonjwa wa mtu. Nitabaki, mwanangu. Niruhusu.

Atuganile anacheka hapa, anasema niseme wazi kwamba hatujaoana bado. Hilo neno "bado" amelitia yeye.

Nina ombi. Nilipoingia hapa mara ya kwanza nilikuwa tayari naona ukungu tu. Pahali hapa napajua kwa miguu, kwa pua na kwa masikio, na wageni wakija nawaambia, "Karibuni, pazuri hapa." Sijui kama ninasema kweli. Atuganile hawezi kuniambia, hapo ni pake, atasifu. Kasian anaona gitaa tu. Wewe ulikaa Jumapili nzima, ukaangalia. Niandikie pakoje. Usinionee huruma, niandikie kama unavyoandika hali ya mgonjwa.

Baba yako,
Mihayo
(kwa mkono wa Atuganile)


Iringa
27 Julai 1975

Baba yangu,

Shikamoo. Umeniambia niandike kama hali ya mgonjwa. Basi mgonjwa huyu ni mahututi.

Tuanze na nje. Kibao cha mlangoni kiliandikwa TUPUMZIKE BAA kwa rangi nyekundu, ila mvua imefuta herufi mbili katikati, sasa kinasomeka TUMZIKE BAA. Ile siku ya kwanza nilikisoma nikashika kifua. Mwambie Kasian apande ngazi.

Kuta zimepakwa bluu mpaka kiunoni, juu ni chokaa iliyokuwa nyeupe zamani, sasa ina rangi ya chai ya maziwa kwa ajili ya moshi. Ukutani nyuma yenu fundi alichora twiga, akaanzia miguu mikubwa mno, alipofika shingoni ukuta ukaisha. Basi shingo ameikunja, na twiga anachungulia chini kama mtu anayesoma gazeti la jirani. Anasoma begani mwako, baba. Wewe ukiimba, yeye ndiye yuko karibu zaidi.

Bati lina matundu mengi kuliko ulivyohesabu kwa matone. Jua likitoka yanaingiza miale myembamba, na moshi wa nyama ukipita ndani yake, wachezaji wanaonekana kama wanatembea chini ya maji. Ulisema nyumba inaelea. Nilikaa pale nikaona ni kweli. Nilijishika kwenye benchi.

Spika imepasuka na imeshonwa kwa uzi wa viatu. Ngoma kubwa imezibwa kwa plasta ya hospitali, sijui waliipata kwa nani. Mpiga bezi ana viatu viwili visivyofanana. Kasian, unayemdhani kijana mzuri, ana masikio makubwa kama majani ya maboga, lakini akipiga gitaa huyasahau, na wasichana wanayasahau pia.

Mama Atuganile, sasa soma polepole na usiruke, kama ulivyosoma siku ile. Baba, aliyekaa karibu nawe sasa hivi ni mama mnene kiasi, mweusi wa kung'aa, nywele zimeanza mvi mbele tu, kama amegusa unga. Ana mwanya. Mikono yake ina makovu ya moto ya miaka mingi ya kupika, na anapokuletea kikombe hukigeuza kwanza, mpini uangalie upande wa mkono wako, halafu ndipo anakuita. Hakuna aliyemfundisha. Sisi tunafundishwa darasani hivyo na tunasahau. Nilimwandikia maneno mabaya, naye alinitandikia kitanda chake. Ni mzuri, baba. Ukitaka kuliondoa lile neno "bado", mimi sina neno.

Nawe. Hujaniuliza, lakini wewe ni sehemu ya mahali pale. Wewe ni mzee mrefu uliyekonda, koti la kijeshi, katambuga miguuni, umekaa juu ya kreti mgongo wima kama chifu. Ukiimba unainua kidevu na uso wako unakuwa wa mtu mwingine, kijana, mwenye majigambo kidogo. Nilimwona mwanamume ambaye mama alikuja kumzomea akabaki. Sikujua kwamba nitawahi kumwona.

Sasa limebaki jambo moja ambalo hakuna aliyekuambia. Jumapili ile ya Juni Nyanda alikaa chini mlangoni kwa hasira, hataki soda, hataki kiti, anangoja umalize akuchukue. Ukaanza wimbo wa mama. Ulipofika mahali pa vumbi na njia, nikamwona Nyanda anasimama. Nilidhani anakwenda kuzima muziki. Akaja akanishika mkono, kaka yangu ambaye hajanishika mkono tangu tukiwa watoto, akanivuta mpaka katikati. Hatujui dansi la mjini, sote wawili. Tukacheza vile alivyotufundisha mama uani, kukanyaga kwa pamoja, mabega mbele. Watu wakatupisha. Vumbi la ule upande wa udongo likapanda mpaka kwenye miale, likawa la dhahabu. Nyanda alikuwa analia waziwazi, wala hakujifuta.

Wimbo ulipoisha ulimwinamia Kasian. Nilikusikia ukimuuliza, "Ni nani wale waliokuwa wanakanyaga kama watu wa kwetu?" Kasian akatuangalia. Sisi bado tulikuwa tunalia, naye akaona bora aanze wimbo mwingine.

Tulikuwa sisi, baba. Watoto wako.

Roza